Kimea Hakidanganywi: Mwongozo wa Togwa Yako ya Kwanza

Kama umewahi kutia sukari ya duka katika maji ya rozela, ukamwagia hamira, ukafunga ndoo kwa nailoni, kisha ukawatangazia majirani kwamba umekuwa fundi wa vinywaji, vua viatu ukae hapa mkekani tuzungumze. Umefanya jambo jema, lakini utamu ule ulitoka kiwandani ndani ya mfuko wa kilo moja. Wewe ulikoroga. Fundi huanza na punje kavu, ngumu kama changarawe, isiyo na utamu wowote, na baada ya wiki moja humpa mgeni kata ya togwa, kinywaji kitamu ambacho hakikuonja hata kijiko cha sukari. Hiyo ndiyo kazi ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikaanikwa, nami nataka uijaribu.

Ninaandika nikiwa Pande, kusini ya Kilwa Masoko, ambako kisiwa cha Songo Mnara na magofu yake kiko ng'ambo ya maji. Wengi wetu huku ni Waislamu, kwa hiyo togwa yetu hunywewa kabla haijawa pombe, na mwongozo huu unakoma hapo. Mpenzi wa bia naye asiondoke. Kuanzia Ujerumani mpaka Afrika Kusini, bia ya nafaka hupitia mlango huu huu wa kimea na maji ya moto, na wanaoshindwa mara ya kwanza wengi hushindwa mlangoni hapa. Hamira ikishatiwa hufanya kazi yenyewe. Kuugeuza wanga uwe sukari ndiko kunakotaka mtu aliyetulia.

Tumia mtama. Shayiri ya viwanda vya bia hulimwa kwenye baridi ya Arusha na Manyara, haitaki jasho letu la pwani. Ulezi hutoa kimea kizuri mno, na jamaa wa Songea watakuapia kwamba bila ulezi hakuna togwa, lakini ukifika kwetu unauzwa kwa bei ya mgeni. Mahindi yanaota vizuri, ila kimea chake kivivu. Mtama ni wa nyumbani. Mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika, mtama asili yake ni bara hili hili. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905 kule Nandete, milima ya Matumbi, ndani ya Kilwa hii hii, maji ya dawa waliyopewa wapiganaji yalikuwa na mafuta ya mbarika na mtama ndani yake. Watu wa huku walipotafuta kitu cha kuaminia roho zao, mkono ulikwenda kwenye mtama.

Ukishaamua, nenda kwa mkulima, usiende duka la pembejeo. Mbegu za dukani zimepakwa dawa ya wadudu na ukungu, na ile rangi nyekundu au ya kijani imewekwa makusudi ili mtu asizile. Wapo wanaoziosha mara tatu wakadhani zimetakata. Hazitakati. Uliza pia mtama wa ghalani umehifadhiwa vipi. Kama umechanganywa na dawa ya unga ya kuzuia fukuzi, msalimie mwenye nyumba, upite. Unachotaka ni mtama wa mavuno ya mwaka huu, uliokaushwa vizuri, usiotobolewa.

Tena uujaribu kabla hujabeba gunia. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kilicholowa, ziweke kivulini siku 3. Zikiota 90 au zaidi, nunua. Zikiota chini ya 80, huo ni mtama wa ugali. Punje isiyoota haikupi kimea, itakaa tu katikati ya wenzake ikioza. Najua kuhesabu punje mia moja kunachosha, na najua utataka kukadiria kwa macho. Hesabu.

Sasa pima kilo 2, osha, engua zinazoelea maana hizo ni tupu. Loweka jioni. Asubuhi mwaga maji, ziache punje zipumue kama saa 1, kisha loweka tena mpaka jioni. Kupumua huku ndiko wageni wa kazi hii hukuruka, kwa kudhani mbegu ikizidi kunywa inazidi kuota. Mbegu inavuta hewa kama wewe. Ukiiacha majini siku mbili mfululizo inakufa maji, na ndoo itanuka kinamasi mpaka mama mwenye nyumba aulize nani kafia uani.

Jioni hiyo ya pili itandaze juu ya gunia la katani lililolowa, unene wa vidole vitatu, uifunike kwa gunia jingine au majani ya mgomba. Usitumie kiroba cha nailoni, hakipitishi hewa. Weka ndani, kivulini, mbali na kuku. Kuku akishajua kwamba kuna mtama umelainishwa kwa ajili yake, hatakubakishia hata punje ya kuhesabia.

Kila asubuhi na jioni nyunyiza maji kidogo, kisha ingiza mkono mpaka chini ugeuze. Siku ya kwanza utaona ncha nyeupe tu, kama jino la mtoto linapochungulia kwenye ufizi. Siku ya pili mizizi inaanza kushikana, nawe ukiingiza kiganja unakutana na joto, joto lenye unyevu, kama la chini ya kuku anayeatamia. Achanisha kwa vidole, taratibu, bila kuvunja. Siku ya tatu inua fumba moja mpaka puani. Itanukia tango lililokatwa sasa hivi. Harufu hiyo ndiyo cheti chako. Ukiipata, kaa nayo kidogo, mwite na mwenzako ainuse, kwa sababu mtama mkavu haunukii hivyo, wala unga, wala uji. Ni harufu ya punje iliyo hai.

Ndani ya punje mna kiini kidogo na ghala kubwa la wanga. Kiini kikipata maji kinaamka na njaa, na punje inaanza kutengeneza vimeng'enya vya kuuvunja wanga uwe sukari, ili chipukizi lipate cha kula mpaka litoke kwenye jua. Sisi tunavizia hapo. Vimeng'enya vikishatosha na ghala bado limejaa, tunalisimamisha chipukizi kwa kulianika. Ukianika siku ya pili kwa sababu harusi imekaribia, vimeng'enya havijatosha, na harusi hiyo itanunua soda. Ukisahau mpaka siku ya saba, chipukizi limekula akiba yote nawe utatwanga majani. Kwa joto la Kilwa siku 3 mpaka 4 zinatosha. Simamisha chipukizi likifika kama mara mbili ya urefu wa punje.

Kuanika ni kazi ya kusi. Kuanzia Mei kwenda Septemba mvua imekata, upepo upo, na mtama mpya umeingia nyumbani. Tandaza mkekani, siyo mchangani wala kando ya barabara, siku 2 au 3, ukiingiza ndani kabla ya umande. Masika ikikukuta, ahirisha. Wapo wanaotaka kuishinda mvua kwa kukikaanga kimea kikaangoni. Kitapata rangi ya kahawia na harufu ya kushawishi, na kitakuwa maiti. Kimea kibichi kikipigwa moto mkali vimeng'enya vyote hufa, na uji utakaoutia humo hautajua kama umetiwa kitu. Kilichokauka vizuri hulia ka! ukikitafuna, kisha ulimi hupata utamu wa mbali, kama ukoko wa mkate.

Hapa nisikilize kwa masikio yote mawili. Mche mchanga wa mtama una sumu ya ukoo mmoja na ile ya muhogo mchungu, sianidi, nayo hukaa zaidi kwenye chipukizi na mizizi. Wafugaji wanajua, ndiyo maana hawaachi ng'ombe waingie kwenye mtama mchanga. Kwa sababu hiyo kimea kikikauka husuguliwa kwa viganja ndani ya ungo mpaka vijimizizi na vichipukizi vikatike vyote, kisha hupepetwa, na hupepetwa tena. Vinavyoruka vifukiwe, visipewe mbuzi. Na kwa sababu hiyo hiyo kinywaji chetu mwishoni kitachemshwa bila kifuniko, ili kilichosalia kitoke na mvuke. Ukungu nao una hatari yake. Kimea kikinuka uvundo, au ukiona utando wa kijani, mweusi au wa waridi, usichague punje nzuri, usioshe, usipeleke kwa mifugo. Ukungu unaweza kuacha sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa huko Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Nikikuambia fukia, nina maana ya jembe na shimo.

Twanga kinuni, chekecha. Mashine ya kusaga ni rahisi, ila kilo yako moja ya kimea ikiingia nyuma ya debe la makopa ya muhogo la mtu mwingine, utarudi nyumbani na makopa.

Sasa tumefika jikoni, na hapa nitakaa, kwa sababu kazi yote ya wiki nzima inaweza kufa hapa kwa dakika moja. Ya kwangu ilikufa. Nilikuwa na miaka 19, mtama nimeuchagua, nimeuotesha, nimeuanika, nimeupepeta. Nilipika uji mzito, nikamimina kimea chote ukiwa unatokota, nikakoroga mpaka mabega yakauma. Haukulegea. Nikangoja saa nzima, uji ukawa mzito zaidi. Bibi akatoka chumbani akanikuta nimeketi kwenye mbuzi ya nazi, nimejiinamia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umenuna?"

"Uji haulegei. Na kimea nimetia chote."

"Ulikuwaje ulipokitia?"

"Unachemka."

Bibi akachota kidogo kwa mwiko, akautazama, akaurudisha. "Basi umekipika. Kimea mtoto mchanga huyo. Mtoto huogeshwa maji ya moto kiasi, hapikwi."

Hakusema zaidi. Kesho yake alipika mwenyewe nikiwa nimesimama pembeni. Alitia maji nusu ya kawaida yake, akasonga uji mzito kweli, mwiko unasimama. Akaupa moto wa makumbi mpaka ukaiva kabisa. Akautua chini. Kisha akachota maji ya mtungini, kiasi sawa na uji ule, akayamimina yote, akakoroga, akaugusa ubavu wa chungu kwa kiganja, akakiondoa upesi, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akatia kimea. Miaka mingi baadaye nilirudi jikoni kwake na kipimajoto, nikamwomba apike vilevile. Alipomaliza kukoroga nikakitumbukiza. Nyuzi 64.

Fanya hesabu utaona bibi alikuwa anafanya nini. Uji unaochemka una nyuzi 100. Maji ya mtungi kwa hali ya hewa yetu yana nyuzi 28 hivi. Ukichanganya sawa kwa sawa unapata 128, gawanya kwa 2, nyuzi 64. Sasa mwulize mpika bia yeyote wa Ulaya kimea chake kikishaingia majini anakikalisha kwenye joto gani. Atakutajia nyuzi 65 au karibu yake, naye ana vipimajoto viwili na daftari. Vimeng'enya vya kimea ni vya namna mbili kuu. Namna moja hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 55 na 65, nyingine huvumilia mpaka 70 na kitu. Ukipita 80 zote mbili zimekwisha. Kwenye 60 na kitu zote zipo kazini. Kipimo cha kimataifa kilikuwa kinakaa kwenye kiganja cha bibi na mtungi wa maji.

Lakini yapo mazito zaidi ambayo bibi aliyajua na mpika bia wa Ulaya hana haja nayo. Wanga wa shayiri hulainika kabla ya nyuzi 65, kwa hiyo yeye huchukua kimea chake chote akakitumbukiza moja kwa moja katika maji ya moto, mambo yakaenda. Wanga wa mtama ni mkaidi. Hautaki kulainika mpaka upite nyuzi 70, na joto hilo tayari linavichosha vimeng'enya. Ukifuata njia ya shayiri kwa mtama utapata maji ya unga. Ufumbuzi wake ni kuigawa nafaka makundi mawili. Unga mwingi upikwe kwanza mpaka wanga ufunguke, kisha upozwe, ndipo kimea kidogo kisichopikwa kiingie na kuumaliza. Nigeria ilipopiga marufuku kuingiza shayiri mwaka 1988, viwanda vikubwa vya bia vilibidi vijifunze kutumia mtama na mahindi, na swali la kwanza mezani lilikuwa hili hili la wanga mkaidi. Wanawake wa jikoni kwetu walikuwa wamelijibu zamani.

Basi fanya hivi. Unga wa mtama au dona kilo 1, maji lita 4 ya kupikia, maji mengine lita 4 yaliyochemshwa jana yakapoa, kimea robo kilo. Koroga unga kwa maji baridi kidogo usifanye madonge, mimina katika maji yanayochemka, pika nusu saa kwa moto wa wastani huku ukikoroga. Ipua. Mimina zile lita 4 za baridi, koroga mpaka pawe sawa kote, juu na chini. Pima. Ukikuta 62 mpaka 66, tia kimea. Ukikuta 75, ngoja. Ngoja kweli, usimwage kimea ukisema Mungu atasaidia. Kama huna kipimajoto, tafuta. Kiganja cha bibi kilichukua miaka sitini kufundishwa, na mgeni atajiunguza.

Kimea kikiingia, koroga na utazame mwiko. Ukiuinua mara ya kwanza uji unaning'inia kama utepe mzito usiotaka kukatika. Dakika chache, utepe unakuwa mwembamba. Dakika chache tena, unakatika vipande. Kisha unadondoka matone, to, to, to, kama maji ya mvua kwenye makuti. Hujaongeza hata tone la maji. Chovya ncha ya kijiko, ipoze, onja. Utamu umeanza kuja, mwembamba, wa nafaka. Mara ya kwanza nilipouona uji ukilegea mkononi mwangu nilimwita kila mtu uani.

Funika, kizungushie chungu magunia na blanketi, kiache saa 1. Katikati ya saa kitazame. Kikishuka chini ya 58 kisogeze karibu na makaa huku ukikoroga. Ukitaka uhakika kama wanga umekwisha, duka la dawa lina iodini ya vidonda. Weka kijiko kimoja cha uji uliopoa kwenye sahani nyeupe, dondoshea tone moja. Ikigeuka buluu iliyoiva kuelekea nyeusi, wanga ungalipo, ongeza nusu saa. Ikibaki kahawia, kazi imekwisha. Kijiko hicho kimwage, kisirudi chunguni kamwe. Kisha chuja kwa kifumbu au kanga safi, na uchemshe dakika 10 bila kifuniko. Ikipoa, hiyo ni togwa tamu. Karibu.

Saa hiyo watatokea washauri. Wa kwanza ni mjomba atakayesema ungeongeza sukari kidogo ingekolea. Mpe kikombe, msubiri amalize, halafu umwulize tena. Wa pili ni rafiki atakayenong'ona kwamba ukiiacha siku tatu itakuwa na nguvu. Kweli itakuwa, kwa sababu hamira ya hewani itaingia na togwa itageuka pombe. Huo ni uamuzi wa nyumba yako na imani yako, lakini uamue wewe, usiamuliwe na usahaulifu. Na atakayekushauri kuichemsha upate mvuke wa kukinga kwa mrija, huyo mfukuze. Hiyo ni gongo, inaua na kupofusha watu, na sheria inaikataza.

Anayestahili kikombe kabla ya wote ni mtoto, naye hana ushauri. Tumbo lake ni dogo. Uji mzito wenye chakula cha kutosha haumezeki, na mwepesi unaomezeka ni maji matupu, kwa hiyo mtoto hushiba bila kulishwa. Kimea kidogo katika uji mzito huulegeza bila kuongeza maji, na chakula chote kinabaki kikombeni. A. C. Mosha na Ulf Svanberg walilionyesha hili katika utafiti wao wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1983, na wataalamu wa lishe wamelihubiri tangu hapo. Mwaka 1999 Kingamkono na wenzake wakaonyesha kwamba togwa iliyochachuka hupunguza vijidudu vya kuharisha kwa watoto wadogo. Kwa mtoto aliyepita miezi 6 tumia kimea cha ulezi, kwa sababu ulezi hauna ile sumu ya chipukizi la mtama. Nunua hata kama ni ghali. Robo kilo inalegeza uji wa siku nyingi.

Kwa wakubwa, ukiitaka yenye uchachu, subiri ipoe mpaka uvuguvugu wa mwili, tia kata moja ya togwa ya zamani, funika kwa kitambaa, acha usiku mmoja. Asubuhi inachachatika kidogo na uchachu umekaa juu ya utamu bila kuufunika. Hiyo ndiyo ya kupeleka shambani watu wanapoalikana kulima, na ya kumkaribishia mgeni aliyetembea juani. Inywe siku hiyo hiyo.

Mabibi wanaojua kusimamisha kimea kwa harufu na uji kwa kiganja wamebaki wachache Pande, na kwenu nadhani ni hivyo hivyo. Wa kwako akiwa hai, nenda wiki hii na kipimajoto, kibaba cha kupimia na daftari. Mwombe apike kama anavyopika siku zote, nawe upime bila kumrekebisha. Andika maji kiasi gani, moto kiasi gani, siku ngapi kwenye gunia. Na togwa ikiwa tayari, wanywe wote, ila usiruhusu mtu afute mtungi. Bakiza kata moja chini, ifunike. Ndiyo itakayochachusha togwa ijayo.